Kufuli la Mlango wa Nyuma

Fundi funguo hauzi funguo. Chuma kila mtu anacho. Anachouza ni kunyamaza, na mzee aliyeitwa Meno alikuwa akikiuza kitu hicho kwenye lango kuu la soko tangu kuta zake zilipokuwa bado zinanuka chokaa mbichi.

Jina alipewa kwa ajili ya meno ya funguo, si ya kwake, maana ya kwake yalikuwa yameshaanza kuhama moja moja, kama wapangaji waliochoshwa na mwenye nyumba. Kibanda chake kilikuwa na ukubwa wa kabati. Ndani mlikuwa na jiliwa la kubania, tupa zilizopangwa kwa ukali wake, na mashine ndogo ya kuchongea iliyolia kama nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Ukuta wa kulia ulibeba funguo mbichi, ambazo hazijachongwa. Ukuta wa kushoto ulibeba funguo za watu: za wajane waliokaa peke yao na kuogopa kupoteza, za mama muuza mboga, za fundi viatu wa jirani, za dada mdogo wa Meno mwenyewe, aliyeishi naye ua mmoja. Kila mmoja aliacha ufunguo wa akiba kwa Meno, na kila mmoja alilala usingizi. Wanaume waliokuwa na milango miwili mjini walimpita wakimsalimia kwa heshima iliyozidi kiasi.

Alikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza, hakuuliza ufunguo ni wa mlango gani. Ya pili, kila ufunguo aliouchonga aliutia alama ndogo ya tupa shingoni, mkwaruzo kama kucha ya mtoto mchanga, ili ukirudi siku nyingine ajue ni nakala. Ufunguo mama huzaa nakala njema. Nakala ikizaa nakala, kosa dogo kama unywele hurithiwa na kuongezwa, mpaka mjukuu hafungui mlango wowote duniani.

"Niletee mama yake," alizoea kuwaambia wateja.

"Mama yake nimtoe wapi, mzee, na nilikuja kwako kwa sababu alipotea?"

Wakacheka, akachonga, wakaenda. Hivyo ndivyo alivyozeeka, akiwa mgane asiye na makuu, anayejua siri za milango yote ya mtaa na asiyejua hata moja.

Kisha yakaja mafunzo.

Kulikuwa na habari za hofu kutoka miji mingine, za watu kuumizwa mahali penye msongamano, na wakubwa wa mji wakaona wafanyabiashara wa soko wafundishwe kutambua hatari, kutoa taarifa na kuzuia. Wakakusanywa ukumbini juu, kwenye viti vya plastiki, mbele ya shuka jeupe lililotundikwa ukutani. Mkufunzi alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa viatu bapa, mwenye sauti ya chini iliyowalazimisha watu kunyamaza ili wamsikie. Picha zikapita shukani. Mfuko ulioachwa bila mwenyewe. Mtu anayeuliza walinzi hubadilishana saa ngapi. Mtu aliyevaa nguo nzito wakati jua linachoma. Mtu anayepima au kukagua njia za kutokea. Mtu anayetafuta funguo za mahali pasipo pake. Hapo mkufunzi alichukua kipande cha sabuni, akakificha kiganjani, akafumba ngumi juu ya ufunguo kwa muda mfupi tu. Alipofumbua, sura ya ufunguo ilikuwa imebaki kwenye sabuni, kila jino mahali pake. Watu waliguna. Meno, aliyekuwa akiijua mbinu hiyo tangu ujana, aliona aibu kana kwamba ameonyeshwa uchi wa jamaa yake.

"Tazameni tendo," mkufunzi alisema. "Msitazame sura ya mtu, wala dini yake, wala alikotoka. Na mkipiga simu, semeni mlichokiona, si mnachodhani. Kuchunguza ni kazi yetu."

Walitikisa vichwa. Alikuwa bado anaonyesha picha za mwisho wakati kreti za soda zilipoingia kwa mlango wa pembeni, zikigongana kwa sauti ambayo hakuna somo linaloweza kushindana nayo. Viti vikaburuzwa. Meno alikuwa miongoni mwa wa kwanza kusimama, kwa sababu soda za baridi zilikuwa chache.

Siku hiyo alirudi kibandani na kadi yenye namba ya simu, na kizibao cha manjano chenye mistari inayong'aa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa langoni na kuona kila anayeingia.

"Jirani," fundi viatu alimwambia, misumari midogo ikiwa midomoni, "sasa umekuwa taa ya barabarani. Utatuongoza usiku."

"Shona viatu vyako."

"Nashona. Lakini nzi nao wameanza kukwepa upande wako."

Meno hakucheka. Kizibao kilikuwa chepesi, ila kilibadilisha uzito wa macho yake. Kabla ya hapo watu walipita langoni kama maji yapitavyo mferejini, nayo macho hayashiki maji. Sasa kila mmoja alikwama. Huyu mwenye kikapu kilichofunikwa, kwa nini kimefunikwa? Yule aliyetazama saa, akatazama tena, anamngoja nani? Alianza kuzunguka sokoni mara chache kila siku, mikono nyuma, akinusa pembe za ngazi. Shaka ni kama chembe ya mchanga ndani ya kitasa. Haifungi mlango, lakini kila unapozungusha ufunguo unaisikia. Hata fundi viatu, rafiki wa miaka mingi, Meno alimkuta siku moja akipitisha vidole ndani ya kiatu cha mteja, polepole, mpaka kwenye ncha.

"Unatafuta nini humo?"

"Mguu wa mwenyewe," fundi viatu alijibu. "Ulikuwa humu jana."

Ndipo macho ya Meno yakamwangukia Mkimya.

Mkimya alikuwa fundi cherehani wa ghorofa ya juu. Alikuja sokoni miezi michache iliyopita kutoka mji mwingine, na jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa alipoulizwa habari za huko alikotoka aliinama na kukanyaga cherehani kwa kasi zaidi. Alivaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo hadi kwenye vifundo, hata siku ambazo bati la soko lilikuwa likilia kwa joto. Alikaa karibu na ngazi, pembeni kabisa, penye kiza, wakati palikuwa na nafasi dirishani. Na fundi cherehani anayekimbia mwanga ana lake jambo. Saa za chakula, wenzake walipokuwa wakila, yeye alitembea kutoka kwenye cherehani yake hadi mlango wa chuma wa nyuma, akarudi, akatembea tena, midomo ikicheza. Siku moja Meno alimkuta akipima upana wa ngazi kwa utepe wake wa kupimia nguo. Walipokutana macho, Mkimya aliuvuta utepe haraka na kuuzungusha shingoni.

"Ngazi inashonewa suruali?" Meno alimuuliza.

"Hapana, mzee. Nilikuwa naangalia tu."

Naangalia tu. Meno alishuka na maneno hayo akiyatafuna kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

Wiki iliyofuata, asubuhi, wateja walipokuwa wamepungua, Mkimya mwenyewe alisimama mbele ya kibanda. Alitoa kitambaa mfukoni, akakifumbua. Ndani mlikuwa na ufunguo mnene wa shaba.

"Shikamoo, mzee. Nataka minne kama huu."

"Marahaba. Uuache, upitie baadaye."

"Siwezi kuuacha. Huu lazima urudi sasa hivi."

"Urudi wapi?"

Swali lilimtoka kabla hajalizuia. Miaka yote ile, ulimi wake haukuwahi kulifikia. Mkimya alimtazama kwa mshangao mtulivu.

"Niliambiwa wewe huulizi, mzee."

"Siku hizi tunauliza."

"Basi ni wa stoo."

Wote wawili walijua si kweli. Meno alikuwa ameshaugeuza ufunguo na kuona shingoni mkwaruzo wa kucha ya mtoto. Ilikuwa kazi ya mkono wake. Akaukumbuka ufunguo huo kama mkunga anavyokumbuka mtoto aliyetoka kwa shida. Ulikuwa wa kufuli kubwa la mlango wa nyuma. Wezi walipopitia mlango ule na kubeba marobota ya nguo, Msimamizi wa soko alimwita Meno atundike kufuli lile, akataka na nakala moja tu. "Mama yake mfukoni mwangu," Msimamizi alisema siku ile, "na huyu mtoto kwenye droo ya ofisi. Hakuna wa tatu." Kwa hiyo mtoto alikuwa ametoka kwenye droo. Na funguo hazina miguu.

"Hii ni nakala," Meno alisema taratibu. "Niletee mama yake."

"Mama yake siwezi kumpata."

"Kwa nini?"

Mkimya alinyoosha mkono, akauchukua ufunguo wake, na akafumba ngumi juu yake. Akaondoka bila kuaga.

Ilikuwa ile ngumi ya mafunzoni. Meno aliitoa kadi, akaitazama, akairudisha, akaitoa tena. Upande wa pili nyundo ya fundi viatu iligonga, ikanyamaza, ikagonga. Alipiga simu akiwa amegeukia ukuta, uso wake ukiwa karibu na funguo za watu, na pumzi yake ikazitikisa kidogo.

Sauti ya upande wa pili ilimuuliza kwa upole: ameona nini? Akaeleza. Mikono mirefu, utepe, ngazi, mlango.

"Na ufunguo ameupataje?"

"Ameuiba ofisini."

"Ulimwona akiuiba, au unadhani?"

Meno alitazama vumbi la shaba lililokuwa kidoleni mwake.

"Nilimwona," alisema.

Walikuja wachunguzi wawili, bila kelele, wakapanda juu. Walishuka na Mkimya katikati yao, utepe wake wa kupimia ukiwa bado shingoni, kwa kuwa hakuna aliyefikiria kumwambia auvue. Ufunguo ulikutwa mfukoni. Alipopita langoni hakumtazama Meno. Alitazama funguo za ukuta wa kushoto, kwa muda, kama mtu anayesoma majina kwenye makaburi.

Alipoulizwa amepewa na nani, alinyamaza. Na kunyamaza kwake, ambako kungekuwa adabu kwa fundi funguo, kwa fundi cherehani kukawa ushahidi.

Mchana ule soko zima lilikuwa likichonga nakala. Mtu wa kwanza alisema amekamatwa na ufunguo. Wa pili akasema funguo. Wa tatu akasema ufunguo wa kasha la Msimamizi. Kufikia kesho yake, ndani ya cherehani yake palikuwa na kitu kilichofungwa kwa waya, na mama mmoja wa vitambaa aliapa kuwa siku zote alikuwa akisikia cherehani ile ikilia tofauti na nyingine. Lisemwalo lipo, watu walisema, na kama halipo laja. Msimamizi alishuka mwenyewe kutoka ofisini, akampa Meno mkono mbele ya watu na kumsifu. Kiganja chake kilikuwa na jasho.

"Ulitokaje kwenye droo?" Meno alimuuliza.

"Hilo wataliona wenyewe wachunguzi," Msimamizi alisema, akauondoa mkono wake upesi kuliko alivyoutoa.

Wa kwanza kuja alikuwa mama muuza mboga. Alisimama akipangusa mikono kwenye kanga yake, akamsalimia, akauliza afya, akauliza usingizi.

"Mzee, ule ufunguo wangu wa akiba. Naomba niwe nao tu."

"Umeupoteza wako?"

"Hapana. Si kwa ubaya, mzee wangu. Unajua tena dunia."

Akampa. Msumari ukabaki peke yake ukutani. Baada yake alikuja mjane mmoja, kisha mwingine, kila mmoja na sababu yake laini. Wanaume wenye milango miwili waliacha kabisa kupita lango kuu. Mwisho wa juma fundi viatu naye alisogeza kigoda chake.

"Jirani, mimi sina mlango wa maana, unajua mwenyewe. Lakini ule ufunguo wa sanduku langu…"

"Hata wewe?"

"Mke wangu ndiye anayesema. Anasema mtu aliyeanza kuuliza hajui pa kuishia."

Meno aliutoa ufunguo msumarini. Akauweka kwenye kigoda cha mwenzake, si mkononi.

Jioni ile dada yake alivuka ua na kuingia chumbani kwake bila kubisha. Alikuwa mfagizi wa soko, mwanamke mwembamba mwenye mabega ya mtu anayebeba mapipa, na tangu utoto wao ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa nyumba. Leo hakuwa na utani. Chai aliyowekewa aliitazama ikipoa.

"Kaka, yule mtu hakuiba."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ufunguo nilimpa mimi."

Meno alikaa kitandani.

"Msimamizi hapendi harufu," dada aliendelea. "Unadhani angekuja yeye kunifungulia mlango kila asubuhi nitoe taka? Alinipa ile nakala zamani. Akaniambia nisiseme hata kwako. Ule mlango haufai kufungwa watu wakiwa ndani, kaka. Wakubwa walishamwambia, naye akawajibu uko wazi. Natoa taka, nafunga. Wakati huo wewe uko langoni unahesabu vikapu vya watu."

"Na Mkimya?"

"Umewahi kuona mikono yake?"

"Anaificha."

"Mimi nimeiona. Alinisaidia pipa siku moja, akakunja mikono ya shati." Alijishika kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo. "Hapa kote ngozi imejikunja kama plastiki iliyopita karibu na moto. Soko alilokuwa akishona liliungua. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli. Yeye alipitishwa dirishani na watu. Mke wake alikuwa nyuma yake, kwenye moshi, amemshika shati. Kisha akawa hajamshika."

Nje, mtu alimwaga maji uani.

"Nikamuuliza, hakukuwa na ufunguo? Akasema ulikuwepo. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda kula."

Meno alikisogeza kando kikombe cha chai kilichopoa.

"Alitaka kila safu ya mafundi kule juu iwe na ufunguo wake," dada alisema. "Ndiyo ile minne. Nikamwazima huu wangu, nikamwambia aurudishe kabla taka hazijaanza kunuka. Sasa anaulizwa kaupata wapi na anang'ang'ania kunyamaza, maana akinitaja, mimi sina kazi."

"Mbona hukuniambia mapema, dada?"

"Nikwambie wewe?" Alikitazama kizibao kilichoning'inia kwenye msumari wa mlango, kikimeta kwa taa. "Siku hizi nikikusalimia nakuona unanikagua kwanza. Kabla yako ningekiambia kile."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata alikuwa amekaa naye ua mmoja, akipika naye, akikohoa ng'ambo ya ukuta, naye Meno hakujua.

"Kesho nakwenda kusema," dada alisema akiinuka. "Sikuja kuomba ruhusa. Nimekuja usije ukaambiwa na watu."

"Tutakwenda wote."

"Wewe una la kusema?"

"Ninalo."

Asubuhi, kituoni, walimkuta mkufunzi mwenyewe nyuma ya meza. Meno alitaka dada yake atangulie, lakini miguu yake ilimfikisha mbele. Alisimama, kofia mkononi.

"Nilisema nilimwona akiiba," alisema. "Sikuona. Nilidhani. Niliona alama yangu shingoni mwa ufunguo, nikafikiri kwa kuwa naujua ulikozaliwa najua na ulikopita."

Mkufunzi hakumkemea. Alimgeukia dada, akamsikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa imelala. Kisha akauliza swali ambalo hawakulitarajia.

"Sasa hivi huo mlango umefungwa?"

"Nakala mmeichukua ninyi," dada alisema. "Mama yake yuko mfukoni mwa Msimamizi. Umefungwa tangu siku ile. Taka nazitoa kwa lango kuu."

"Na watu wamo ndani?"

"Leo ni siku ya mnada wa nguo. Wamejaa."

Mkufunzi alikuwa ameshasimama, simu sikioni. Alipomaliza kuagiza alimtazama Meno kwa muda, bila hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi.

"Mzee, picha ya mwisho siku ile, kwenye shuka, ilikuwa ya mlango wenye kufuli. Nilisema hiyo nayo ni hatari, na inaripotiwa kwa namba ileile."

"Sikuiona."

"Najua. Ulikuwa kwenye soda. Wote mlikuwa kwenye soda. Picha ya mwisho nilivifundisha viti."

Kufuli lilikatwa kabla ya adhuhuri. Mafundi wa kazi hiyo walikuja na koleo refu, na chuma kile ambacho Meno alikitundika kwa fahari kikaanguka sakafuni kwa mlio mmoja. Siku chache baadaye ukawekwa mtaimbo wa kusukuma kwa ndani, usiohitaji ufunguo wa mtu yeyote. Nje haufunguki, ndani mtoto anaweza kuusukuma kwa tumbo. Msimamizi aliandikiwa onyo na akabaki kitini, akipita langoni huku akitazama upande wa fundi viatu. Dada aliambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe. Taka zikalundikana, nzi wakaanza kuhudhuria soko zaidi ya wateja, na akaitwa arudi kabla uchunguzi haujaisha.

Mkimya aliachiwa siku ileile kufuli lilipokatwa. Hakuna aliyemwomba radhi kwa sauti. Mama wa vitambaa alimpelekea sketi ya kupunguza, na alipoulizwa habari za mlio wa cherehani alisema labda ni mafuta yalikuwa yamepungua. Meno alimwona asubuhi moja alipokuwa akizunguka juu. Cherehani ilikuwa imehamishwa. Alikuwa amekaa dirishani, penye mwanga, mgongo kwa ngazi, akishona kwa utulivu. Mikono ya shati ilikuwa bado imefungwa vifungo.

"Shikamoo, mzee," alisema bila kuinua uso.

"Marahaba."

Basi. Meno alingoja neno lingine, kisha akashuka.

Funguo hazikurudi ukutani. Wengine walisema Meno alimsingizia mtu. Wengine, kwamba alimchomea Msimamizi. Waliokosana kwa kila jambo walikubaliana kwa hili moja, kwamba aende mtu kuchonga ufunguo kwa fundi wa ng'ambo ya mto, hata kama nauli inauma. Robota moja lilipopotea juu, macho yote yaliteremka langoni yenyewe.

"Wanasema ukishika ufunguo wa mtu, chumba kizima unakiona," fundi viatu alimweleza.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema ungekuwa unaona hivyo, ungenionyesha nyundo yangu ndogo ilipo."

Mafunzo ya pili yalipokuja, Meno alikaa kiti cha mbele. Kreti zilipogongana, wengine walipoinuka, yeye hakugeuza shingo. Alikaa mpaka shuka likakunjwa. Soda aliyoikuta ilikuwa ya moto.

Na nyumbani, siku moja, alirudi akakuta kitasa kipya kwenye mlango wa dada yake. Hakukitazama kwa muda mrefu. Jicho la fundi halihitaji muda. Kilikaa upande, na bamba lake lilishikwa na skrubu mbili tu kati ya nne. Usiku ule, na kila usiku uliofuata, alimsikia akijifungia ndani kwa mizunguko miwili. Zamani dada yake aliegesha tu mlango.

Alivumilia. Kisha jioni moja, jua likiwa bado kwenye ukuta wa ua, alimwona anahangaika, ndoo mkono mmoja, ufunguo mkono mwingine, akiusukuma mlango kwa goti.

"Kinagoma?" aliuliza kutoka kizingitini kwake.

"Kidogo."

"Nani alikifunga?"

"Yule wa ng'ambo."

"Amekaza mbili tu."

"Najua, kaka. Nina macho."

Meno aliingia ndani, akatoka na tupa laini na bisibisi. Alivuka ua taratibu, kama mtu anayekaribia ndege. Dada alishusha ndoo. Aliutazama mkono wa kaka yake, kisha ufunguo, na ufunguo ukabaki alipoushika.

"Ushike wewe," Meno alisema. "Hapo kichwani. Usiniachie."

Aliushika. Meno aliinama na kuanza kupiga tupa jino la tatu, ambalo lilikuwa refu kupita kiasi, kosa la nakala iliyochongwa kutoka kwa nakala. Vidole vya mkono wake wa pili alivinyoosha kabisa, kiganja kikiwa wazi juani, mahali ambapo dada angekiona muda wote. Vumbi la shaba liliwaangukia wote wawili. Alipuliza. Akaongeza skrubu mbili zilizokosekana, akarudi nyuma.

"Jaribu."

Mlango ulifunguka bila kelele.

"Hujautia alama yako," dada alisema, akiugeuza ufunguo kwenye mwanga.

"Si wangu."

Dada alikuwa na uso ule wa utotoni, wa kabla ya utani, lakini utani haukuja. Alinyanyua ndoo.

"Ahsante, kaka. Ulale salama."

"Nawe."

Mlango ukafungwa. Meno alibaki uani, tupa mkononi. Alisikia ufunguo ukizunguka ndani, laini, mara moja. Akasubiri mzunguko wa pili. Taa ya dada yake ikawaka, sufuria ikawekwa mekoni, na wa pili haukusikika. Alisimama pale mpaka ukuta ukapoteza rangi, akijaribu kuamini kuwa mzunguko wa pili haukuwepo, na kwamba si yeye aliyekitengeneza kitasa kile vizuri mno hata hakilii tena.